Kopo la Maziwa Nyuma ya Pazia

Siku ya mahari ya mdogo wangu, uani kwetu Mangobo, walikuwepo watu hawa. Tonton, mdogo wa baba yetu, aliyevaa koti la baba ambalo mikono yake ilimfika kwenye vidole. Mdogo wangu mwenyewe, bibi harusi, amefichwa jikoni mpaka aitwe. Kitindamimba wetu, msichana wa miaka kumi na saba, ambaye tangu asubuhi alikuwa akipanga viti na kuvipangua. Bwana harusi na tonton zake wawili, walioshuka saa chache kabla kutoka kwenye balenieri, mashua ndefu ya mbao yenye injini, na nguo zao bado zinanuka mazutu, yale mafuta ya injini. Mama wa bwana harusi. Shangazi wa bwana harusi, dada wa marehemu baba yake. Na mimi, mkubwa wa nyumba, nimekaa kwenye kiti cha baba kwa kuwa baba hayupo na mama hayupo.

Nawataja wote kwa sababu wote waliniona nikimeza kidonge, na ni mmoja tu aliyejua ni kidonge cha nini.

Baba alikufa nikiwa mwaka wa pili wa sekondari. Mama hakumaliza miaka miwili baada yake. Niliacha shule, nikanunua pampu iliyokwisha kutumika, nikawa kwado, yaani fundi wa kuziba matairi. Kibanda changu kiko kwenye njia panda, hatua hamsini kutoka mlangoni kwetu. Toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria mji mzima, hupita hapo tangu alfajiri. Nimewasomesha wadogo zangu kwa matundu ya baiskeli za watu. Sisemi hivyo kujisifu. Ndiyo kazi iliyokuwepo.

Miaka mitatu iliyopita nilishindwa kuamka. Si kwamba niliumwa mahali. Nilifungua macho asubuhi, nikatazama bati, na mwili ukakataa. Wakasema malaria, wakapima, hakuna. Wakapima tena, hakuna. Wiki sita nililala hivyo, na katika wiki hizo mdogo wangu huyu wa kike ndiye aliyekuwa mume na mke wa nyumba. Alikaanga makemba, zile ndizi kubwa za kupika, barabarani, akalisha nyumba, akalipa shule ya mdogo wetu. Kulikuwa na kijana aliyetaka kumchumbia wakati ule. Alimrudisha. Alimwambia, akimaanisha mimi kaka yake, "Yaya wangu iko analala, mimi sina nafasi ya bwana."

Mwishowe nesi mmoja wa kituo cha afya aliniandikia karatasi ya kwenda ng'ambo ya pili ya mji, mahali wanapotibu magonjwa ya kichwa. Nilikwenda peke yangu. Nyumbani nilisema nakwenda kutafuta mipira ya ndani ya baiskeli. Daktari aliniambia kwamba nina ugonjwa wa mfadhaiko, kwamba si wazimu, kwamba una dawa. Kidonge kimoja kila jioni baada ya kula. Fishi yangu, yaani kadi ya mgonjwa, ikaandikwa, nikawa napewa vidonge vya mwezi mmoja kila nikiionyesha. Jambo moja alilirudia mara mbili, akigonga meza kwa kalamu: "Usiache mwenyewe. Siku unataka kuacha, kuya hapa, tutaacha pamoja, mbio-mbio hapana."

Polepole nikapona. Nikarudi kwenye beseni langu la maji. Lakini sikumwambia mtu. Daktari anaweza kusema si wazimu. Mtaani kwetu, mtu aliyepita kwenye geti lile amepita. Vidonge na fishi niliviweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo nikaliweka ndani ya sanduku la bati la mama, chini ya vitambaa vyake, na sanduku likakaa chini ya kitanda changu katika chumba kilichokuwa cha wazazi. Hakuna aliyegusa sanduku la mama. Niliona nimepata mahali pazuri kuliko benki.

Kisha akaja kijana wa Isangi, muuza samaki wa kukaushwa, mpole, anayecheka kabla hajamaliza kusema. Mdogo wangu alimpenda. Wazee wake wakaja kujitambulisha, na kama ilivyo desturi wakauliza yale maswali ya damu. Kwenu kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna mtu wa kichwa?

Tonton hakuniacha hata nimeze mate. "Kwetu? Bon, hata mbu za kwetu ziko na akili. Zinaumaka wageni tu."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikacheka pia. Tonton hakudanganya, maana hakujua. Aliyedanganya ni yule aliyecheka. Na yule shangazi wa kijana, mama mnene mwenye macho madogo, hakucheka. Alisema tu, "Ni vizuri. Maana mimi, nikisikia baadaye, nitafunga mizigo ya binti yenu hata kama mutoto amekwisha kuzaliwa." Kila mtu alijua anaweza. Neno lake lilikuwa ndilo neno la upande wa baba.

*

Mahari ilipangwa Jumamosi. Jumatatu kabla yake nilirudi kutoka kibandani saa sita mchana, nikakuta jozi mbili za ndala ngeni mlangoni. Mama wa kijana na shangazi walikuwa wametangulia, wamepata nafasi kwenye mashua ya mzigo, na kitindamimba wetu, kama binti aliyelelewa vizuri, alikuwa amewapa chumba chenye kitanda. Chumba changu. Pazia lilikuwa limeshuka.

Ili mtu aelewe, lazima nieleze jambo moja la kwetu. Mkwe, ambaye sisi tunamwita bokilo, si mtu wa kuzoeana naye. Mwanamume haingii chumba alicholala mama mkwe. Hakai kwenye kitanda chake, hasogezi nguo zake, hamtazami akila. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesimama mahali pa baba, mama yule alikuwa bokilo wangu sawasawa na kama mimi ndiye niliyezaa binti. Mwanamume anayefunua pazia la bokilo ameharibu ndoa kwa mkono wake. Kwa hiyo kati yangu na dawa yangu kulikuwa na kitambaa cha maua ambacho mimi mwenyewe nilikinunua, na sikuweza kukifunua.

Ningeweza kumtuma kitindamimba. Lakini anasoma sehemu ya biolojia na kemia, anasoma kila karatasi inayopita mbele yake, hata ile inayofungia chumvi. Fishi ilikuwa ndani ya kopo, na juu ya fishi kulikuwa na jina la kituo kwa herufi kubwa. Nilijiambia: siku chache tu. Niliwahi kusahau kidonge kimoja nilipokwenda kumzika rafiki, na hakuna kilichotokea. Moja na tano ni tofauti gani?

Jumanne sikuona kitu. Jumatano asubuhi tumbo lilikataa chai. Nikasema ni mafuta ya mawese ya jana.

Mchana wa Jumatano, nikiwa nimezamisha mpira wa baiskeli kwenye beseni kutafuta viputo, niligeuza macho kumwangalia mwenye baiskeli, na kitu kikapita ndani ya kichwa changu. Sina neno lake. Wakaaji wa Kisangani wanajua taa inavyofanya pale mtambo wa umeme wa Tshopo unapochoka: haizimiki, inashuka, inarudi, na friji inatoa sauti. Ilikuwa hivyo, ndani ya fuvu, kwa muda wa kupepesa jicho. Nikageuza macho tena, ikapita tena. Nikajifunza kugeuza kichwa kizima bila kugeuza macho, kama bundi.

"Kwado," akasema mwenye baiskeli, "shingo iko na nini? Umelalia mutungi?"

"Ziba mdomo, nizibe tairi."

Akacheka. Mimi mikono ilikuwa inatetemeka kiasi cha kupaka gundi nje ya mahali palipokwanguliwa.

Mchana uleule ilinyesha mvua kubwa, nami nikajibanza kibandani mpaka ilipokatika. Ninaitaja mvua hiyo kwa sababu baadaye niligundua ndiyo iliyofanya kazi yote.

Alhamisi nilifunga kibanda mapema, nikaenda kwa miguu mpaka kule kituoni. Nesi anayenijua alikuwa likizo. Aliyekuwepo alikuwa kijana mwenye adabu. Akaniuliza fishi. Nikasema iko nyumbani. Akasema, "Papa, rudi na fishi, nitakupatia mara moja." Nikasema haiwezekani. Akauliza kwa nini haiwezekani kuleta karatasi kutoka nyumbani kwangu mwenyewe, na mimi nikasimama pale kama mwizi. Ningemwambia nini? Kwamba imelala na bokilo? Nilipitia maduka mawili ya dawa njiani. La kwanza hawakuwa nayo. La pili walitaka kuniuzia nyingine ya sanduku la kijani, wakasema ni ndugu yake. Nikaogopa ndugu yake.

Nyumbani, usingizi uligeuka kuwa kazi. Nililala sebuleni kwenye mkeka kando ya tonton, na ndoto zilikuwa na rangi kali kuliko mchana. Niliamka shati limelowa. Nilikaa nikitazama pazia. Nilijua kila kitu kilichokuwa nyuma yake: kitanda, chini ya kitanda sanduku, ndani ya sanduku vitambaa vya mama, chini ya vitambaa kopo. Hatua nne. Nilihesabu hatua hizo nikila, nikinawa, nikiwaamkia wageni kwa uso ulioinama.

Hapo ndipo nilipoonekana.

"Bokilo yetu," alisema shangazi Ijumaa asubuhi, akiwa amekaa kizingitini akichambua pondu, majani ya mihogo, kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka kwa jirani, "anaangalia hili pazia sawa mbuzi anaangalia mihogo ya watu."

Wanawake waliokuwa wakisaidia jikoni walicheka mpaka mmoja akaweka mchi chini. Mdogo wangu, bibi harusi, hakucheka. Alinitazama kwa macho ya mtu anayeona nyumba yake inaanza kuvuja.

Tonton alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba.

"Weye, unatafuta nini kwa chumba ya bokilo?"

"Hakuna, tonton."

"Hakuna? Unatoka jasho sawa ni weye unaolewa. Mutoto wa kaka yangu, ni pombe? Ni mwanamuke? Sema."

"Ni joto."

"Joto!" Alitema chini. "Donc joto inakupiga weye peke yako. Kesho ukikaa kwa kiti ya baba yako, ukae sawa mutu. Huyu mutoto alikungoja. Unajua alikungoja."

Nilijua. Ndiyo maana nililia. Sikulia pale, nilikwenda kibandani, nikainama juu ya beseni kana kwamba natafuta tundu, nikalia bila sababu inayotosha, machozi yakianguka ndani ya maji na kutengeneza viduara. Siku mbili nyuma nisingelia. Kilio kile hakikuwa changu, kilikuwa cha kidonge kisichokuwepo, lakini kilitumia macho yangu. Kitindamimba alinijia na sahani ya makemba. Nikamfokea kwa ajili ya kijiko, kijiko tu, maneno ambayo sikuwahi kumwambia tangu mama afe. Aliiweka sahani chini akaondoka bila kugeuka.

Jioni tatu, kuanzia ile Jumatano ya mvua, kila wakati wa kula ulipokwisha, nilikaa sebuleni nikijua ni saa ya kidonge changu. Na nyuma ya pazia nilisikia kikombe kikigonga meza, maji yakimezwa, na baadaye kidogo mama wa kijana akikohoa kama anayetaka kutapika. Nilifikiri chakula cha mji hakimkubali. Nilimwambia mdogo wangu apunguze mafuta.

*

Ndiyo hivyo nilivyofika Jumamosi, siku ya sita, kwenye kiti cha baba, chini ya turubai la bluu lililochemsha hewa. Orodha ya mahari ilisomwa: mbuzi, chumvi, taa, koti la baba, kitambaa cha mama. Kila kitu kilipotajwa kilitolewa na kuwekwa mbele yangu, nami nilipaswa kukigusa. Kila nilipoinama, ile taa ya kichwani ilishuka na kurudi. Jasho lilinitiririka mgongoni. Nilitaka kusimama, na aliyekaa kwenye kiti kile hasimami mpaka vinywaji vifunguliwe; akisimama kabla, amekataa.

Kabla ya vinywaji, tonton mmoja wa Isangi alisimama, akafunga vifungo vya shati lake, akauliza tena maswali ya damu, safari hii mbele ya watu wote, kama desturi inavyotaka. Tonton yetu akajibu kwa mara ya pili, na safari hii bila mbu. "Hakuna kitu kilichofichwa."

"Mimi ninataka mukubwa mwenyewe aseme," akasema shangazi. Alikuwa amekaa upande wa wanawake, miguu imenyooka mbele. "Maana tonton anaongea, lakini mukubwa ndiye anatetemeka."

Jikoni, mlango wa mbao ulifunguka kidogo, na nilijua nani yuko nyuma yake.

Nilifungua mdomo. Nasema kweli, sikujua ni nini kingetoka. Kama ningesema ndiyo, mdogo wangu angevua vitambaa vyake na kurudi kwenye makemba. Kama ningesema hapana, ningekuwa nimedanganya kwa mdomo wangu mwenyewe, nimekaa kwenye kiti cha baba. Nikageuza macho kumtafuta tonton, taa ikashuka, na safari hii ilichelewa kurudi. Nikashika ubao wa kiti.

"Malaria."

Sauti ilitoka upande wa wanawake, ndogo, iliyozoea kusikilizwa. Mama wa kijana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu. Alisema akiwa ametazama chini, kama bokilo anavyopaswa.

"Papa iko na malaria tangu juzi. Mimi nimelala kwake, nimesikia meno yake. Munamuuliza mutu wa malaria maswali kwa joto hii? Mutoto, peleka chakula yake. Iko tayari mezani."

Kitindamimba aliingia ndani, akatoka na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine na kikombe cha maji. Nilifunua. Kulikuwa na wali, kipande cha samaki, na pembeni ya wali, juu ya kipande kidogo cha karatasi ya daftari, kidonge kimoja cheupe chenye mstari katikati. Nilikijua kama ninavyojua kidole changu.

Nikakimeza mbele yao wote.

"Alors, malaria," akasema tonton ya Isangi, amepata njia ya kukaa. "Hakuna mutu hapa hajapata malaria. Tuendelee." Watu wakacheka, kama watu waliokuwa wameshika pumzi. Vinywaji vikafunguliwa. Mdogo wangu akaitwa, akatoka na vitambaa vyake viwili vya rangi ya chungwa, akaulizwa kama anamjua kijana huyu, akasema namjua, na wanawake wakapiga vigelegele.

Kidonge kimoja hakirudishi siku tano. Niliketi pale mpaka mwisho nikitetemeka, lakini sasa kutetemeka kwangu kulikuwa na jina ambalo watu walilikubali. Shangazi peke yake hakunitazama mimi. Alikuwa akimtazama mke wa marehemu kaka yake, na sikuelewa kwa nini.

Waliondoka Jumapili na balenieri, na mdogo wangu pamoja nao. Pale ufukweni mama wa kijana aliniaga uso ukiwa pembeni. "Papa, baki salama. Sanduku tumelirudisha pahali yake." Ni hayo tu. Nilikimbia nyumbani. Nilifunua pazia, nikavuta sanduku. Vitambaa vya mama vilikuwa vimekunjwa upya, vinanuka jua. Ndani ya kopo kulikuwa na fishi, na vidonge, na ukurasa wa daftari ulioandikwa kwa mwandiko wa ubaoni.

"Papa, unisamehe kwa kufungua sanduku la mama yenu. Mvua ya Jumatano ilipita kwenye bati, tukalivuta ili vitambaa visioze. Kopo likafunguka. Wifi yangu alizitambua dawa, maana mdogo wake alipewa za namna hii zamani. Akauliza ni za nani. Yeye hajui kusoma, na fishi ilikuwa mkononi mwangu, na jina lako nilikuwa nimekwisha kuliona. Nikasema ni zangu, nimeziweka humo ili zisipotee. Hakuamini. Akasema kama ni zangu nimeze, aone. Nimemeza jioni tatu. Kopo alilala nalo yeye, chini ya kichwa chake. Nilidhani una nyingine mahali. Jana nilipokuona kwenye kiti ndipo nilipojua kwamba zilikuwa hizi tu. Orodha ilipokuwa ikisomwa niliingia ndani, nikatoa kimoja koponi bila yeye kuona, nikakiweka kwenye sahani yako, na leo aliponirudishia kopo nimelirudisha sandukuni. Usiziache tena. Mwanangu anampenda mtoto wenu, na mtoto wenu ni mtu. Siku utakapokuwa na nguvu utasema mwenyewe. Mimi sitasema."

Nilihesabu vidonge. Vilipungua vinne: kimoja changu na vitatu vyake. Nikakumbuka kikombe kilichogonga meza, na yule mama akikohoa, na mimi upande wa pili wa kitambaa nikilaumu mafuta.

*

Ni mwaka na miezi sasa. Sijaruka hata jioni moja. Nilirudi kwa daktari, nikamweleza siku zile. Akaandika, akatikisa kichwa, akaniambia nisiweke tena dawa zote mahali pamoja. Sasa nusu iko kibandani, ndani ya sanduku la viraka. Kitindamimba anajua. Nilimwambia mimi mwenyewe, baada ya kumwomba radhi kwa ajili ya kijiko. Alisikiliza, kisha akasema, "Yaya, mimi nilijua unakunywaka kitu. Nilifikiri ni ya nguvu za kiume." Tulicheka mpaka machozi yakanitoka, na safari hii yalikuwa yangu.

Lakini simu hutoka Isangi kila Jumapili, wakati mtandao unapopatikana, na ni mdogo wangu.

Shangazi hakunyamaza. Alisema kwa ukoo wote kwamba mke wa kaka yake anameza dawa za kichwa, kwamba aliona kwa macho yake, jioni tatu. Yule mama alikuwa akifundisha watoto wa mtaa kusoma kila alasiri, kwenye baraza yake. Wazazi wamewaondoa mmoja mmoja. Kwenye vikao vya wanawake, anapotaka kusema, wanamwambia apumzike. Mtaani wanamwita mama wa vidonge. Hajajibu neno.

"Yaya, mulinipeleka wapi?" mdogo wangu aliniambia mwezi uliopita. Nilisikia mto nyuma yake, na watu wakigombea bei ya samaki. "Mama mukwe iko na kichwa, na hawakutuambia. Sisi waliuliza mara mbili, wao nani aliwauliza? Niko na tumbo ya miezi sita. Akizaliwa, mimi siwezi kumwacha mutoto na mutu wa vidonge. Nitamleta kwako. Weye uko na akili."

"Ni mama mwema," nikasema.

"Wema iko. Lakini kichwa?"

Nilikuwa nimekaa kibandani, mpira wa baiskeli ndani ya beseni, na viputo vikitoka mahali palepale nilipokwisha kuziba. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu, dawa ilikuwa mwilini, taa ya kichwani ilikuwa imetulia miezi mingi. Nikifungua mdomo, shangazi atafunga mizigo, ya mdogo wangu, kama alivyoapa, na mtoto ndani. Nisipofungua, mwanamke aliyemeza vidonge vyangu bila kuvihitaji atakufa akiwa na ugonjwa wangu kwa jina lake. Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Jambo hili halifai kusemwa kwa simu. Linataka mtu aende, akae kwenye baraza ile tupu mchana watu wakipita, ainamishe uso mbele ya bokilo wake, na aite shangazi. Nimeuliza. Balenieri ya Isangi inaondoka Jumamosi. Nimetayarisha begi, fishi iko juu, nguo chini.

Hii ni Jumamosi ya tatu begi liko tayari. Jumamosi iliyopita ilikuwa mvua. Ile ya kabla yake ilikuwa magurudumu ya mteja. Leo balenieri imekwisha kupiga honi mara moja, na mimi bado nimekaa hapa naandika.